Kanuni Mpya za Bao: Mwongozo wa Kuzipima Kabla ya Kuzikubali au Kuzikataa

Toleo jipya la bao ni maandishi, programu au ubao wowote unaoleta kanuni zisizolingana na zile zilizozoeleka barazani. Katika visiwa vya Lamu, ambako bao hujifunzwa kwa kutazama, kucheza na kukosolewa na wakubwa, matoleo ya namna hii huja kwa njia tatu. Ya kwanza ni karatasi ya mashindano. Bao ni sehemu ya Tamasha la Utamaduni la Lamu, na waandaaji wa shindano lolote wanahitaji kanuni moja itakayowafunga wachezaji wa Amu, Shela, Matondoni, Siyu na Faza kwa pamoja. Ya pili ni programu ya simu au kompyuta, ambayo hubeba kanuni alizoziamini mtunzi wake. Ya tatu ni ubao uliorahisishwa, unaouzwa kwa wageni au kutumiwa na watoto, pengine wenye safu mbili badala ya nne.

Kila toleo linapofika huzuka kambi mbili. Kambi ya matumaini huona njia ya kuuokoa mchezo usipotee pamoja na wazee wanaoujua. Kambi ya shaka huona mchezo mwingine uliovishwa jina la bao. Mwongozo huu unaeleza kinachostahili kusikilizwa kwa kila kambi, mahali ambapo kanuni huachana, na namna ya kulijaribu toleo ubaoni.

Msingi wa kulinganishia

Toleo jipya halipimiki bila kujua lilichobadilisha. Kwa hiyo hatua ya kwanza ni kukubaliana juu ya bao la Kiswahili lenyewe, ambalo mtafiti Mholanzi Alex de Voogt alilieleza kwa kina katika kitabu alichokitoa mwaka 1995 baada ya kukaa na mabingwa wa Zanzibar.

Ubao una safu nne za mashimo manane, yaani mashimo 32, na kete 64. Kila mchezaji anamiliki safu mbili, ya mbele na ya nyuma, na kete zinazolika ni za safu ya mbele tu. Shimo la tano kutoka kushoto kwa mchezaji, katika safu yake ya mbele, ni nyumba. Kwa kawaida huchongwa mraba ili litofautiane na mengine. Mashimo mawili ya mwisho ya safu ya mbele, la kushoto na la kulia, ni vichwa. Vichwa hivyo pamoja na mashimo yaliyo jirani navyo huitwa kimbi.

Mchezo una awamu mbili. Awamu ya kwanza ni ya kunamua. Kila mchezaji huanza na kete 6 ndani ya nyumba, kete 2 katika kila shimo kati ya mawili yanayofuata upande wa kulia, na kete 22 mkononi. Kila zamu huingiza kete moja katika shimo la mbele lenye kete. Shimo la mpinzani linalotazamana nalo likiwa na kete, huliwa, na kete zilizoliwa husambazwa upande wa mlaji kuanzia kichwani. Pasipo cha kula, mchezaji hutakata: husambaza kete zake mwenyewe bila kula. Kete za mkononi zikiisha huanza awamu ya mtaji, ambapo zamu huanza kwa kuchukua kete zote za shimo lenye kete 2 au zaidi. Katika awamu zote mbili, anayeweza kula hana ruhusa ya kutakata. Anayemaliza kete za safu ya mbele ya mpinzani, au kumwacha bila kete ya kucheza, ndiye mshindi.

Jambo moja lieleweke mapema. Bao la kujifunza, linaloanza na kete 2 katika kila shimo na lisilo na kunamua, si toleo potofu la bao la Kiswahili. Ni ngazi ya mafunzo inayojulikana, na kila anayekaa nalo anajua kuwa ipo ngazi nyingine mbele yake. Vivyo hivyo, hawalis ya Oman, yenye safu nne za mashimo saba, na bawo la Malawi ni jamaa zake. Jamaa hawa hawagombani, kwa sababu kila mmoja hutambulikana ni yupi.

Hoja za matumaini

Hoja kubwa ya wenye matumaini ni kwamba kanuni isiyoandikwa hutegemea aliyepo. Bingwa akifariki, ujuzi wa hali adimu, zile zinazotokea mara moja katika mabao mengi, hufariki naye. Kanuni ya kawaida haipotei, maana hurudiwa kila siku alasiri. Inayopotea ni ile ya pembeni: nyumba inafanywaje ikibaki peke yake yenye kete katika safu ya mbele, au zamu isiyokwisha ikatwe namna gani.

Hoja ya pili ni haki. Mchezaji wa Kizingitini anayeshindana Amu mbele ya watazamaji wa Amu hana pa kukimbilia penye ubishi, kama kanuni imo vichwani mwa wenyeji tu. Karatasi iliyosomwa kabla ya shindano humpa ngao.

Hoja ya tatu ni upatikanaji. Baraza za bao kwa desturi ni za wanaume. Msichana anayetaka kujifunza, au kijana aliyehamia Mombasa au Muscat, hapati kwa urahisi mahali pa kukaa na kutazama. Kwake simu si mbadala wa baraza. Ndiyo mlango pekee alio nao.

Hoja za shaka

Wenye shaka hawapingi maandishi kwa kuwa ni maandishi. Wanachokihofia ni uteuzi. Anayeandika kanuni moja amekwisha kuchagua kati ya kanuni kadhaa, na mara nyingi huchagua iliyo rahisi kuelezeka. Bao lililoandikwa kwa kufuata wachezaji wa mji mmoja likipewa jina la bao lote, desturi za Pate au za Watikuu hugeuka makosa kwa siku moja, ingawa hakuna aliyezijadili.

Hofu ya pili ni mwendo. Bingwa husoma ubao, huona mwisho wa usambazaji kabla ya kugusa kete, na mpinzani hufuatilia mkono wake. Programu husambaza yenyewe. Mchezaji aliyelelewa na programu huweza kushinda bila kujua kuhesabu, na akifika barazani hukwama katika zamu ndefu ya kwanza.

Hofu ya tatu ni masikizano. Bao la baraza lina watu zaidi ya wawili: wako wanaotazama, wanaotania, wanaokumbusha kanuni na wanaoamua ubishi. Toleo linalomweka mchezaji peke yake na skrini limeondoa kitu kisichoandikwa katika kanuni yoyote.

Kambi zote mbili zina udhaifu unaofanana: hubishana kabla ya kucheza. Mwenye matumaini hulisifu toleo kwa nia yake, mwenye shaka hulilaumu kwa asili yake, na wote wawili huacha kusoma kinachosemwa juu ya nyumba.

Mahali matoleo yanapoachana

Anayepima toleo hana haja ya kuanza na ukurasa wa kwanza. Tofauti za maana hujificha katika sehemu chache, na hizo ndizo za kutazamwa mwanzo.

*Mpangilio wa kuanza.* Kuna kipimo cha haraka. Kete zikipangwa sawasawa, mchezaji wa kwanza hana cha kula: mashimo yake matatu yenye kete yanatazamana na mashimo matupu ya mwenzake, kwa kuwa nyumba za wachezaji hazikabiliani. Zamu ya kwanza kwa hiyo lazima iwe ya kutakata. Programu inayomruhusu mchezaji wa kwanza kula imeweka nyumba mahali pasipo pake, au imegeuza kushoto na kulia kwa mmoja wao.

Kipimo hicho huendelea. Mchezaji wa kwanza akiingiza kete katika shimo linaloifuata nyumba upande wa kulia, litakuwa na kete 3. Akizisambaza kulia, ya mwisho hulala, yaani zamu hukoma, katika shimo tupu la safu ya nyuma na mpinzani anabaki bila cha kula. Akizisambaza kushoto, zinapita nyumbani, ya mwisho inalala katika shimo la tatu, na mpinzani amepewa mashimo mawili ya kula. Toleo lisiloleta matokeo haya mawili si bao la Kiswahili, au lina kasoro.

*Nyumba.* Hapa ndipo penye ubishi mwingi. Nyumba ambayo haijavunjwa na ina kete 6 au zaidi ina heshima yake. Katika kunamua, usambazaji wa zamu ya kula ukiishia nyumbani, mwenye nyumba huchagua kulala au kusafiri, yaani kuzichukua kete zote za nyumba na kuendelea. Katika zamu ya kutakata hana hiari. Usambazaji hukomea hapo. Toleo liseme wazi juu ya mambo matatu: lini nyumba hupoteza heshima yake, nani ana hiari ya kusafiri, na nyumba ifanywe nini inapokuwa shimo pekee lenye kete mbele. Desturi ya mabingwa kwa hali hiyo ya mwisho ni kutoa kete 2 tu na kuzisambaza. Toleo lililofuta hiari ya nyumba limefuta sehemu kubwa ya mbinu za mchezo, hata kama kila kitu kingine kimebaki.

*Kichwa na kimbi.* Anayekula katika kimbi ya kushoto lazima aanze kusambaza kutoka kichwa cha kushoto, na anayekula kimbi ya kulia kutoka kichwa cha kulia. Katika mashimo manne ya katikati, wakati wa kunamua, mlaji huchagua kichwa kwa ulaji wa kwanza wa zamu, na ulaji unaofuata katika zamu hiyohiyo hushika mwelekeo uleule mpaka kimbi iubadili. Maandishi mengi ya mkato husema tu kwamba mlaji huchagua upande. Hilo si kosa dogo, kwa kuwa hugeuza matokeo ya takribani kila zamu ndefu.

*Kikomo cha kete 15.* Katika mtaji, shimo lenye kete zaidi ya 15 haliruhusiwi kuanzisha ulaji. Sababu yake inaonekana ubaoni: mchezaji ana mashimo 16, na kete 16 huzunguka upande wake wote na kurudi zilikotoka. Toleo lisilotaja kikomo hiki huwapa faida wanaorundika.

*Kutakatia.* Ni kanuni ngumu kuliko zote kuandika. Katika mtaji, mchezaji anayetakata na kumwacha mpinzani bila cha kula, huku yeye mwenyewe akitishia kula shimo moja tu, humfungia mpinzani shimo hilo: haliruhusiwi kuchezwa katika zamu inayofuata. Zipo hali zinazoliokoa shimo, kwa mfano likiwa ni nyumba au likiwa ndilo pekee lenye kete katika safu ya mbele. Matoleo mengi mepesi huiruka kanuni hii. Kuiruka kunakubalika kwa wanaojifunza, alimradi isemwe; katika shindano la mabingwa hakukubaliki.

*Zamu isiyokwisha.* Usambazaji wa mfululizo huweza kuzunguka bila kufikia shimo tupu. Barazani watu hucheka na kukubaliana. Karatasi ya mashindano na programu lazima viwe na jibu, na jibu hilo ni mojawapo ya michango halisi ya matoleo mapya.

Kulijaribu toleo ubaoni

Jaribio zuri linahitaji watu wanne: wachezaji wawili wazoefu, ikiwezekana kutoka miji miwili tofauti, mwanafunzi mmoja, na mtu wa kuandika. Hatua zake ni hizi.

Kwanza, toleo lisomwe kwa sauti mbele ya wote, na kila mzoefu aonyeshe mahali anapocheza tofauti. Tofauti ziandikwe bila kuhukumiwa. Mara nyingi hugundulika hapa kwamba wazoefu wenyewe hawakubaliani, na kwamba lililodhaniwa kuwa kosa la toleo ni desturi ya mji wa jirani.

Pili, zipangwe hali maalumu kwa mkono badala ya kungoja zitokee: usambazaji unaoishia nyumbani, ulaji katika kimbi, shimo lenye kete 16, kutakatia. Kila hali ichezwe kwa kanuni za zamani, ubao upangwe upya, kisha ichezwe kwa mpya. Kwa njia hii tofauti huonekana ndani ya saa moja.

Tatu, yachezwe mabao kamili kwa kupokezana nafasi ya kuanza. Mwandishi aweke alama kwa kila ubishi, aonyeshe kama karatasi iliumaliza, na aandike mabao yaliyoisha katika kunamua na yaliyofika mtaji. Toleo likifanya karibu kila bao liishe kete zikiwa bado mkononi, kuna kitu kimeharibika katika ulinzi wa nyumba.

Nne, mwanafunzi aachwe na maandishi peke yake, kisha acheze na mzoefu. Maswali atakayouliza ndiyo mapengo ya toleo. Maandishi yasiyoeleweka bila mzee wa kuyafafanua hayajafanya kazi waliyoandikiwa.

Programu ya simu ina nyongeza zake. Ichunguzwe kama ina awamu ya kunamua, kama inamruhusu mchezaji kusambaza kete moja moja kwa kidole, kama inafanya kazi bila intaneti, na kama imeandikwa kwa Kiswahili cha bao. Programu inayokataza hatua fulani bila kueleza sababu haifundishi. Humzoesha mchezaji kubahatisha mpaka ikubali.

Yaliyotokea kwa michezo mingine

Mabadiliko ya kanuni si msiba kila mara. Sataranji ya leo imetokana na mageuzi ya mwishoni mwa karne ya 15, ambapo malkia alipewa nguvu ambazo hakuwa nazo. Togyzqumalaq ya Kazakhstan, mchezo wa ukoo mmoja na bao, una kanuni zilizoandikwa na mashindano rasmi, na mwaka 2020 UNESCO iliuingiza pamoja na jamaa zake wa Kirgizistan na Uturuki katika orodha ya urithi usioshikika. Maandishi hayakuua mchezo huo.

Somo la tahadhari linatoka kwa Dungeons & Dragons, mchezo wa mezani wa kuigiza wahusika uliotungwa na Gary Gygax na Dave Arneson na kuchapishwa Marekani mwaka 1974. Kanuni zake zimetolewa upya mara nyingi, zikiwemo za 1989, 2000, 2008 na 2014, na marekebisho ya 2024, na kila mara wapo walioshangilia na walionuna. Toleo la 2008 liliwakera wengi kiasi kwamba kampuni nyingine, Paizo, ilitoa mwaka 2009 mchezo wa Pathfinder uliojengwa juu ya kanuni zilizotangulia. Iliwezekana kwa sababu kanuni hizo zilikuwa na leseni iliyo wazi. Mwezi Januari 2023 wamiliki, Wizards of the Coast, walitaka kuibadili leseni hiyo. Upinzani wa wachezaji uliwarudisha nyuma, na kanuni za msingi zikawekwa chini ya leseni ya Creative Commons.

Bao halina mmiliki, na hilo ni nguvu yake. Lakini maandishi na programu vina wamiliki. Kwa hiyo swali la nani anaruhusiwa kunakili, kusahihisha na kusambaza karatasi au programu liulizwe kabla ya shindano kuijengea utaratibu wake. Karatasi isiyoruhusiwa kusahihishwa na wachezaji wa Lamu haifai kuwa kanuni ya Lamu, hata ikiwa sahihi leo.

Uamuzi

Baada ya jaribio, toleo hupata moja ya hukumu nne. Likilingana na bao la Kiswahili na kujaza mapengo, likubaliwe kwa mashindano. Likiwa sahihi lakini linafuata desturi ya mji mmoja, likubaliwe kwa sharti kwamba desturi nyingine ziorodheshwe kando na waandaaji watangaze ni ipi itakayotumika. Likiwa limeacha kunamua, nyumba au kutakatia, liitwe la kujifunza na litumiwe hivyo bila aibu. Likiwa limegeuza mwelekeo, mpangilio au lazima ya kula, lirudishwe kwa mtunzi na orodha ya makosa yake.

Hukumu hizo zinataka kitu ambacho kila baraza inaweza kukifanya hata kabla toleo jipya halijafika: kuandika kanuni zake yenyewe. Wachezaji wa kila mji wa visiwa vya Lamu waandike wanavyocheza nyumba, kimbi, kutakatia na zamu isiyokwisha, waweke tarehe, na waiweke nakala mahali inapoweza kusomwa na kila mtu. Baraza iliyoandika kanuni zake haina haja ya kuliogopa toleo jipya wala kulishangilia. Italisoma kwa kulilinganisha.